Mistari minane ya kugeuza kanda zetu za zamani bila kuzitoa nyumbani

Kuanzia Vanga hadi Kiunga, ni nadra kuingia nyumba ya zamani ukakosa boksi la kanda juu ya kabati au chini ya kitanda. Nyingine ni kanda za dukani, za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, zilizonunuliwa enzi ambapo kaseti ndiyo iliyokuwa muziki wenyewe. Hizo hazinitii wasiwasi sana. Bhalo alifariki mwaka 2014 na Zein mwaka 2016, lakini nyimbo zao ziko katika nyumba nyingi, na kanda ya jirani ikikwama yako itacheza. Zinazonitia wasiwasi ni zile zisizo na karatasi ya rangi, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino upande mmoja: "Maulidi", "Harusi ya Fatma", "Babu anazungumza". Kuna na zile ambazo ami au mjomba alirekodi Muscat au Jeddah akazituma nyumbani badala ya barua. Kanda kama hiyo ni moja duniani. Ikiharibika, basi.

Na kuharibika zinaharibika. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na ndani yake ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wenye sumaku, ukashikiliwa kwa gundi. Joto na unyevu, ambavyo sisi wa pwani tunavyo kuliko tunavyovitaka, huilegeza ile gundi na kuotesha ukungu. Ndio maana nafurahi kuona vijana wengi siku hizi wanatafuta redio kaseti inayofanya kazi, wanachomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, na kurekodi kwa programu ya bure kama Audacity. Kazi hiyo sitaieleza hapa. Haina njia ya mkato, kanda ya saa moja itachukua saa moja. Mimi nataka kuzungumzia kinachofuata baada ya hapo, kwani ndipo watu wengi wanapokwama na ndipo, kwa maoni yangu, tunapofanya jambo la hatari bila kulifikiria.

Ukirekodi vizuri, faili unayoipata huwa ni ya WAV. WAV haifinyi chochote. Kwa kipimo cha kawaida, kile kile cha CD, kompyuta huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, kwa kushoto na kwa kulia, na kila kipimo huchukua baiti 2. Ukizidisha unapata baiti 176,400 kwa sekunde moja, yaani kama megabaiti 10 na nusu kwa dakika, na megabaiti 635 kwa kanda ya saa moja. Kanda 43 za saa moja moja ni gigabaiti 27. Huwezi kumtumia dada yako aliye Dubai mzigo huo, na simu ya nyanya haina pahala pa kuuweka.

MP3 hufinya. Huondoa zile sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu hazizisikii sana, na kubakisha zilizo muhimu. Kwa kanda ya mtu anayezungumza, kilobiti 64 kwa sekunde zinatosha kabisa, na saa moja inakuwa megabaiti 29 hivi. Zile kanda 43 zinaingia kwenye kadi ya simu ya gigabaiti 2 na nafasi inabaki. Zipo namna mpya zaidi zinazofinya vizuri kuliko MP3, lakini MP3 inacheza kila mahali: kwenye mulika mwizi, kwenye redio ya matatu, kwenye spika za msikitini zenye tundu la fleshi. Tangu mwaka 2017, ada za leseni zilizokuwa zikidaiwa watengenezaji wa programu za MP3 nazo zilikwisha. Kwa wazee wetu sioni sababu ya kuwatafutia kitu kingine.

Basi swali ni: utazigeuzaje hizo WAV kuwa MP3?

Jibu ambalo watu wengi hupewa ni kwenda mtandaoni, kutafuta ukurasa wa kugeuza faili bure, kupakia, kungoja, na kupakua. Kwa wimbo mmoja sina neno. Kwa kanda za nyumbani ninapinga, na sababu yangu ya kwanza wala si bando, ingawa kupakia gigabaiti 27 ni bei ya kutosha kununua diski. Sababu yangu ni kwamba unapopakia, sauti imetoka nyumbani kwako na kwenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua. Ukurasa unaweza kuahidi kwamba utaifuta baada ya saa kadhaa. Pengine ni kweli. Huna njia ya kuhakikisha.

Jambo hili lilinijia waziwazi mwaka jana, bimkubwa mmoja wa mtaani kwetu aliponiita. Alikuwa na kanda za vugo na chakacha za miaka ya themanini, zilizorekodiwa ndani, wanawake peke yao, milango imefungwa. Baadhi ya wale walioimba wamekwisha tangulia mbele ya haki, na binti zao wanataka kuzisikia sauti za mama zao.

"Mwanangu," aliniambia, "nataka zifanywe ziingie kwenye simu. Lakini hizi ni za wanawake. Zisitoke, na hata wewe usizisikilize."

"Sitazisikiliza, mama," nikamjibu. "Wala sitazigusa."

Na ikawa hivyo. Mjukuu wake, msichana aliyemaliza kidato cha nne, alizirekodi mwenyewe chumbani kwa nyanya yake kwa muda wa wiki kadhaa. Alipomaliza alikuwa na faili 86, upande A na upande B. Kuzigeuza moja moja kwa mkono, kufungua, kubofya, kuandika jina, kungoja, kuanza tena, ni kazi ya kuchosha ambayo mtu huiacha njiani akiwa na faili ya ishirini. Nilichompa mimi ni karatasi yenye mistari minane. Aliiandika kwenye laptopu yake, akabofya mara mbili, akaenda kulala. Mpaka leo sijasikia hata sekunde moja ya kanda zile.

Mistari hiyo inaitwa skripti. Ni orodha ya maagizo kwa kompyuta, kama vile unavyomwachia kijana wa dukani karatasi: fungua kila gunia, pima kilo moja moja, lililopimwa usilirudie. Kazi yenyewe ya kugeuza inafanywa na programu inayoitwa ffmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000 na ambayo ni ya bure hadi leo. Haina madirisha wala vitufe, ndiyo maana wengi hawaijui, ingawa programu nyingi za video na sauti wanazozitumia zinaitegemea kwa ndani. Inafanya kazi bila intaneti. Unaihitaji intaneti mara moja tu, siku ya kuiweka.

Nitaeleza kwa Windows kwa sababu ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za kwetu. Fungua lile dirisha jeusi la maagizo (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia), kisha andika:

winget install Gyan.FFmpeg

Ikikuuliza kama unakubali, kubali. Ikimaliza, funga dirisha na ulifungue tena, uandike ffmpeg -version. Ukiona maneno mengi yakishuka, imekubali. Ukiambiwa agizo hilo halijulikani, zima kompyuta na uiwashe.

Sasa fungua Notepad na uandike hivi, herufi kwa herufi:

@echo off
if not exist nakala mkdir nakala
for %%f in (*.wav) do (
  if not exist "nakala\%%~nf.mp3" (
    ffmpeg -nostdin -y -i "%%f" -ac 1 -b:a 64k nakala\kazi.mp3 && move nakala\kazi.mp3 "nakala\%%~nf.mp3"
  )
)
pause

Mstari wa tano ni mrefu. Uandike wote kwenye mstari mmoja, usiukate. Ihifadhi ndani ya folda ile ile yenye WAV zako, na jina liandike pamoja na alama za kunukuu: "geuza.bat". Alama hizo zina kazi. Bila hizo Notepad huongeza .txt mwishoni kimyakimya, kisha ukibofya faili inafunguka kama barua badala ya kufanya kazi, na mtu hukaa kutwa nzima akitafuta kosa kwenye mistari isiyo na kosa.

Naomba usinakili tu. Faili ya .bat inaweza kuiambia kompyuta ifanye lolote, pamoja na kufuta, kwa hiyo usiendeshe yoyote usiyoweza kuisoma, hata hii yangu. Tuisome.

Mstari wa kwanza unaiambia kompyuta isirudie kuandika kila agizo kwenye skrini. Ni usafi tu. Wa pili unasema: kama hakuna folda inayoitwa nakala, itengeneze. Wa tatu ndio moyo wa mambo: kwa kila faili inayoishia na .wav humu ndani, ichukue, iite f, kisha ufanye yaliyomo ndani ya mabano. Hapo ndipo kubofya mara 86 kunapogeuka kuwa kubofya mara moja. Wa nne unauliza kwanza: je, MP3 ya faili hii ipo tayari? Ile %%~nf maana yake ni jina la faili bila mkia wake, hivyo "Harusi upande A.wav" itatafutiwa "Harusi upande A.mp3". Ikiwapo inarukwa. Hivyo wiki ijayo ukiongeza kanda tano mpya na kubofya tena, zitageuzwa hizo tano peke yake. Zile alama za kunukuu pande zote mbili zinalinda majina yenye nafasi katikati. Bila hizo kompyuta ingedhani "Harusi" ni faili moja na "upande" ni nyingine.

Mstari wa tano una sehemu mbili. Ya kwanza ni ffmpeg yenyewe: -i ni faili inayoingia, -ac 1 ni kuifanya sauti iwe ya njia moja badala ya kushoto na kulia, na -b:a 64k ndicho kile kipimo cha kilobiti 64. Redio kaseti nyingi za nyumbani zilirekodi kwa maikrofoni moja, kwa hiyo kushoto na kulia ni kitu kile kile. Kuhifadhi zote mbili ni kulipa nauli mara mbili kwa abiria mmoja. Ile -nostdin inaizuia ffmpeg isingoje uandike kitu, na -y inairuhusu iandike juu ya faili iliyopo.

Hapo mtu makini atashtuka. Iandike juu ya faili ipi? Ni juu ya kazi.mp3 peke yake, ambayo ni faili ya muda, na hili nililiweka kwa sababu ya stima. Stima ikikatika katikati ya kugeuza, nawe laptopu yako betri imekufa zamani, itabaki MP3 nusu. Kama nusu hiyo ingekuwa na jina lake kamili, siku ya pili skripti ingeiona ipo na kuiruka, nawe ungemtumia mtu kanda inayokatika dakika ya kumi na mbili na kudhani hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ndiyo maana ffmpeg inaandika kwanza kwenye kazi.mp3, kisha zile alama mbili za && zinasema: ukimaliza salama, na ukimaliza salama tu, ndipo uibadilishe jina. Stima ikirudi unabofya tena, kazi.mp3 ile mbovu inaandikwa upya, na mambo yanaendelea pale yalipoishia. Mistari ya sita na saba inafunga mabano. Wa nane, pause, unaliweka dirisha wazi mwishoni ili uone kama kulikuwa na malalamiko.

Kwa nyimbo badilisha kidogo. Taarabu yenye udi na fidla ukiifinya kwa kilobiti 64 itasikika kama imefunikwa na blanketi, na makofi ya chakacha yatakuwa kama mchanga unaomwagwa. Ondoa -ac 1 na uandike 192k badala ya 64k. Ukubwa utakuwa mara tatu, lakini bado ni mdogo kuliko WAV mara saba hivi. Mimi huweka mazungumzo na mawaidha folda moja, nyimbo folda nyingine, na kila folda ina geuza.bat yake. Kanda zenye sauti ya chini mno zinaweza kusaidiwa kwa kuongeza -af loudnorm -ar 44100 kabla ya jina la faili inayotoka; hiyo hunyanyua sauti na kuisawazisha. Hunyanyua na mvumo wa kanda pia, lakini mzee wa miaka themanini atakushukuru.

Skripti hiyo hiyo inafaa kwa sauti za simu. Sauti za WhatsApp huwa za .opus, za iPhone huwa .m4a, na simu za kale zilirekodi kwa .amr. Ukiandika (*.wav *.opus *.m4a *.amr) kwenye mstari wa tatu, zote zitageuzwa. Angalia tu usiwe na faili mbili zenye jina moja na mikia tofauti, kwa sababu ya pili itarukwa. Na anayetumia Linux au Mac, ffmpeg ni ile ile na mstari wake ni ule ule; kinachobadilika ni maneno ya kuuzungusha.

Nikiwa na jambo moja la kulishikilia hapa, ni kwamba MP3 ni ya kusikiliza, si ya kuhifadhi. Kilichoondolewa hakirudi. Ukiigeuza MP3 kuwa WAV unapata faili kubwa yenye sauti ile ile iliyopunguzwa, na ukiifinya MP3 kuwa MP3 nyingine inapungua tena, kama fotokopi ya fotokopi ya cheti cha kuzaliwa. Nimeona familia zikifurahia MP3 zao, kisha zikifuta WAV ili kupata nafasi, na kanda zenyewe zikatupwa kwa sababu "zimeshaingia kwenye kompyuta". Miaka ikipita, kitakachobaki cha sauti ya babu ni ile nakala nyepesi iliyopita kwenye simu kumi.

Kama nafasi ni tatizo kweli, ipo FLAC. Inafinya bila kutupa chochote, na ukitaka WAV yako unairudisha ilivyokuwa, baiti kwa baiti. Mara nyingi hupunguza ukubwa hadi karibu nusu, ingawa kanda zenye mvumo mwingi hupungua kwa kiasi kidogo kuliko hapo, kwani mvumo ni kitu kisichofinyika vizuri. Kuzitengeneza, chukua skripti hiyo hiyo, badilisha kila .mp3 iwe .flac, ondoa -ac 1 na -b:a 64k, na folda uiite hifadhi badala ya nakala. Ziweke kwenye diski mbili, na hizo diski mbili zisikae nyumba moja. Yule bimkubwa moja yake iko kwa binti yake Likoni, nyingine iko ndani ya boksi lile lile la kanda, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Orodha ya nani aliimba nini anaijua yeye na wajukuu wake, na hiyo pia ameiandikisha.

Kabla hujamtumia mtu yeyote, hesabu. Katika dirisha jeusi, ukiwa ndani ya folda, andika dir *.wav na usome idadi chini kabisa, kisha dir nakala\*.mp3. Zikiwa sawa, fungua tatu au nne bila kuchagua, uruke hadi dakika za mwisho za kila moja, usikie kama sauti ipo. Ukiona WAV ni 86 na MP3 ni 85, bofya geuza.bat tena na usome malalamiko yake; pengine utakuta faili moja ya WAV imeharibika na haisomeki, na kanda hiyo itabidi irudishwe kwenye redio na kuanzwa upya.